Waya kuingia siyo kuoana! Usije ukaliunguza boksi lako la sola

WAPO watu wanaoamini kwamba kitu kikishaingia kwenye tundu lake bila kulazimishwa, basi vimepatana. Kwenye viatu inaweza kuwa kweli. Kwenye mapenzi tumeona wengi wakiumbuka, maana kuna waliopendeza kwenye picha ya harusi na mwaka haukuisha kila mtu akawa kwao. Na kwenye umeme wa jua, msomaji wangu, imani hiyo ndiyo inayowatia vijana wa mjini hasara kila kukicha. Plagi inaingia kiulaini, mtu anapiga makofi, dakika mbili baadaye boksi limekata roho.

Naongelea lile boksi ambalo siku hizi kila mjanja wa mjini anataka kuwa nalo, pawa stesheni. Kwa asiyelijua, ni betri kubwa ya lithiamu iliyovalishwa sanduku lenye mkono wa kubebea. Ndani yake kuna kifaa cha kupokea chaji, na kuna inveta inayogeuza umeme wa betri ukawa wa volti 230, sawa na ule wa ukutani kwako. Mbele lina matundu ya simu, ya taa na ya televisheni. Ubavuni au nyuma lina tundu la kuingizia umeme wa sola. Tundu hilo la sola ndilo lenye kasheshe.

Ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulitufunza adabu. Wenye saluni walikaa vibarazani wakipunga upepo, wauza juisi wakamwaga mali, mafundi cherehani wakarudi kwenye cherehani za miguu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha, na mambo yakawa afadhali. Lakini aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wakaanza kununua maboksi, wengine kwa akiba, wengine kwa mkopo wa kikoba. Boksi likishafika nyumbani, linalofuata ni kulitafutia paneli.

KINYOZI NA "FUNDI UWANJA"

Kuna kinyozi mmoja kule Mbagala ambaye mimi humpelekea kichwa changu kila baada ya wiki mbili. Jina lake nalihifadhi, maana yaliyomkuta yanatosha. Alikuwa na boksi dogo na paneli moja ya wati 100, zile za kukunja kama begi. Maisha yalikuwa yanakwenda. Mashine ya kunyolea inakula umeme kidogo sana, taa ni za LED, na redio haina makuu. Umeme wa ukutani ukikatika yeye ananyoa tu, wenzake wanamtazama kwa jicho la husuda.

Tamaa ikamwingia, tena tamaa ya halali. Alitaka boksi lijae haraka ili aweke na televisheni, wateja watazame mpira wakisubiri zamu. Akanunua paneli ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Akaja kijana mmoja anayejiita fundi, wale wa "niachie mimi bosi", akaziunga paneli zote mbili mkia kwa kichwa, akachomeka kwenye boksi. Plagi iliingia vizuri kabisa. Kioo cha boksi kikawaka mara moja, kikazima, na mpaka leo hakijawaka tena upande wa sola.

Jamaa alibeba boksi lake mpaka dukani alikonunua. Wakafungua, wakatazama, wakamwambia sehemu ya kupokea sola imeungua kwa kuzidishiwa volti, na kwamba garantii hailipi kosa la aina hiyo. Kwenye kitabu cha boksi iliandikwa wazi kabisa kwamba umeme wa sola usizidi volti 28. Kitabu chenyewe kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Fundi naye hapatikani kwenye simu, na marejesho ya kikoba hayajui kama boksi limekufa.

FIZIKIA TULIYOIDHARAU

Sasa hebu tuone kilichotokea. Mimi niliishia Form Four na sijifanyi injinia, lakini jambo hili tulifundishwa Form Two, siku zile wengine mlikuwa mnaandikiana vikaratasi nyuma ya darasa.

Kuna namna mbili za kuunga paneli. Ya kwanza ni sirizi: chanya ya paneli hii inaingia kwenye hasi ya paneli ile, kama watoto wanaocheza gari moshi. Ukiunga hivyo, volti zinajumlishwa na ampea zinabaki zile zile. Ya pili ni paraleli: chanya zote zinakutana pamoja, na hasi zote zinakutana pamoja. Hapo ampea zinajumlishwa na volti zinabaki zile zile.

Paneli nyingi za wati 100 za kukunja zina volti kama 22 zinapokuwa hazijaunganishwa na kitu, na zinatoa ampea tano na kitu zikifanya kazi. Mbili kwa sirizi ni volti 44. Boksi la kinyozi wetu mwisho wake ni 28. Umeona? Mbili hizo hizo kwa paraleli zingebaki volti 22, na ampea zingekuwa kama 11. Boksi lingekuwa linakula chaji mpaka leo.

Mtu atauliza, sasa mbona ampea 11 nazo ni nyingi kuliko boksi linavyotaka? Swali zuri. Chukulia volti ni msukumo na ampea ni wingi. Ukienda kwenye ndoo tano za maji na kikombe kimoja, utachota kikombe kimoja, ndoo hazikulazimishi kunywa zote. Boksi nalo kwa kawaida huchota ampea linazoziweza, zinazobaki zinakaa huko huko kwenye paneli. Lakini msukumo hauombi ruhusa. Volti zikizidi, zinavunja mlango na kuingia. Ndiyo maana kwenye haya maboksi kinachoua haraka ni volti.

Ila usije ukaondoka hapa ukasema sirizi ni mbaya. Boksi kubwa huwa na mlango mpana. EcoFlow Delta 2, kwa mfano, hupokea kuanzia volti 11 hadi 60. Kwa boksi kama hilo, paneli mbili za volti 22 kwa sirizi ni 44, hakuna soo. Na kuna maboksi ambayo bila kuunga sirizi volti hazifikii hata kiwango cha kuanzia, unakaa juani siku nzima kioo kinasoma sifuri. Kila boksi na mlango wake, soma kwanza.

GEUZA PANELI USOME MGONGO

Kila paneli ya maana ina karatasi mgongoni. Usihangaike na maneno yote, tafuta herufi hizi tatu: Voc. Hiyo ndiyo volti ya juu kabisa ambayo paneli inatoa ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu. Wauzaji wengi watakutajia "hii ni paneli ya volti 18" au "ya volti 12". Hayo ni majina ya mtaani tu, kama mtu mrefu anavyoitwa Kifupi. Wewe hesabu kwa Voc.

Kosa lingine linalotembea sana mjini ni la watu wanaochukua paneli kubwa za juu ya paa, zile za vioo, wakidhani ukubwa ndiyo ujanja. Paneli ya wati 550 huwa na Voc karibu volti 50, moja tu hiyo! Ukiichomeka kwenye boksi la mwisho 28, hata kuunga sirizi huhitaji, umeshaua. Hata ile ya wati 400 mara nyingi iko kwenye 37 hivi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Dar hatulijui kwa sababu ya joto letu. Namba ya Voc imepimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Paneli ikipata joto, volti zinashuka. Ikipata baridi, zinapanda, kiasi cha asilimia 0.3 hivi kwa kila nyuzi moja. Huku kwetu paneli inaungua juani, kwa hiyo volti ziko chini. Lakini chukua paneli yenye Voc 27, nenda nayo kwa shangazi Makete asubuhi ya Julai, nyuzijoto tano, jua ndiyo linachomoza. Utapata zaidi ya volti 28.6. Boksi lililokuwa zima Mbagala linafia Makete. Kwa hiyo acha nafasi. Kikomo kikiwa 28, wewe ishia 24 au 25.

DUME, JIKE NA RANGI ZINAZODANGANYA

Tuje kwenye vichwa vya waya vyenyewe. Paneli nyingi zina vile vichwa vyeusi vya plastiki vinavyobana "kwacha!" ukivisukuma. Vinaitwa MC4. Hiyo MC ni Multi-Contact, jina la kampuni iliyovitengeneza, ambayo sasa iko chini ya Stäubli, na 4 ni unene wa pini yake, milimita nne.

Upande wa boksi ndiyo kila mtu na lake. EcoFlow wana plagi ya XT60, ile fupi nene ambayo mara nyingi ni ya njano. Jackery wametumia jeki ya duara ya milimita 8. Goal Zero wana Anderson, ile ya vipande viwili bapa, kimoja chekundu na kingine cheusi. Wengine wana jeki nyembamba kama ya laptopu. Kwa hiyo unahitaji waya wa kati, kichwa kimoja MC4 na kingine cha boksi lako. Waya huo ndio unaouzwa Kariakoo kila duka, tena kwa maneno matamu.

Kichwa cha MC4 huwa na dume na jike, lakini kuna utani hapo. Plastiki inayoonekana ya dume ndani yake ina tundu la jike, na ile inayoonekana ya jike ndani yake ina pini ya dume. Muuzaji anasema dume, mnunuzi anaelewa jike, mnagombana kaunta nzima. Dawa yake nenda na paneli au piga picha vichwa vyako, umwonyeshe.

Na usiamini umbo wala rangi kukwambia ipi chanya, ipi hasi. Waya wa kiwandani huenda umetengenezwa sawa, lakini ule uliochomelewa na mtu kibarazani, mwekundu unaweza kuwa hasi bila aibu. Plagi ya XT60 ina umbo linaloingia upande mmoja tu, sawa, lakini kama ndani imechomelewa kinyume, itaingia sawa na kuungua sawa. Kuna maboksi yenye kinga ya kugeuziwa waya na kuna yasiyo nayo. Usilifanye boksi lako kuwa la majaribio.

Jingine ni hili. Usilazimishe MC4 ya kampuni hii ibanane na ya kiwanda kisichojulikana kwa sababu tu zimefanana. Zitaingia, lakini ndani chuma hakishikani vizuri, panapata joto, na baada ya miezi plastiki inayeyuka. Moto wa juu ya paa hauna mchezo. Ukilazimika, kata vichwa vyote viwili uweke vya aina moja, kwa koleo lake maalumu la kubania. Kuuma na meno hapana.

WAYA WA SPIKA SIYO WAYA WA SOLA

Vijana tunapenda njia ya mkato. Paneli iko juu ya bati, boksi liko chumbani, katikati mtu anaunga waya mwembamba wa spika aliouokota uvunguni. Kisha analalamika paneli feki.

Fanya hesabu hii. Kutoka paneli mpaka boksi ni mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20 za shaba. Paneli ya wati 100 inatoa kama ampea 5.5 kwa volti 18. Kwa waya wa sola wa milimita 4 za mraba unapoteza kama nusu volti, haisumbui. Kwa waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba unapoteza karibu volti 3. Hiyo ni kama asilimia 16 ya umeme wako umegeuka joto la kupasha waya. Umenunua paneli ya 100 unatumia ya 84, bado hujahesabu vumbi na kivuli cha mwembe wa jirani.

Kwa hiyo nunua waya wa sola, milimita 4 za mraba au 6 kama ni mbali. Ganda lake limetengenezwa livumilie jua. Huo wa spika baada ya misimu michache ganda linapasuka kama midomo ya kipupwe.

FANYA HIVI, UTANISHUKURU

Kifaa cha kwanza ni multimita. Ile ya kawaida ya mkononi haina gharama ya kutisha, na ukilinganisha na bei ya boksi ni kama peremende. Iweke upande wa volti zenye alama ya mstari ulionyooka, siyo ule wa wimbi, kwenye kipimo cha 200. Kisha twende pole pole:

Moja, boksi likae kivulini, paneli ndiyo iende juani. Nimeona watu wanaliweka boksi juani kando ya paneli kama wanaanika samaki. Betri ya lithiamu haipendi joto. Likizidi, boksi linakataa chaji, na hata likikubali linazeeka haraka.

Mbili, kabla ya kuunga chochote, laza paneli kifudifudi au ifunike kwa kanga nzito. Paneli haina swichi. Ikiona jua tu, umeme upo.

Tatu, unga paneli kwa paneli, kisha unga waya wa kati. Usichomeke kwenye boksi bado. Kama ni paraleli, tumia vile viungo vya umbo la Y. Paneli zikifika tatu kwa paraleli, kila moja iwe na fyuzi yake.

Nne, funua paneli, pima kwenye ncha ya mwisho ile itakayoingia kwenye boksi. Gusa chanya kwa waya mwekundu wa multimita na hasi kwa mweusi, ncha zisigusane. Soma mambo mawili. Namba iwe chini ya kikomo cha boksi, na mbele yake kusiwe na alama ya kutoa. Ukiona alama ya kutoa, waya wako umegeuzwa, rudi dukani.

Tano, funika tena, chomeka kwenye boksi, kisha funua. Tazama kioo. Paneli ya wati 100 ikikuletea 60 hadi 80, shukuru Mungu, hiyo ni kawaida. Mia kamili ni ya maabara.

Sita, siku ya kuchomoa usivute kama unang'oa jino. Funika paneli kwanza. Umeme wa sola ni wa moja kwa moja, ukikatwa ukiwa unatembea unaruka cheche zinazokula pini na vidole.

Na usichanganye paneli kama unavyochanganya mtumba. Kwenye sirizi, yenye ampea ndogo inawavuta wenzake wote chini. Kwenye paraleli, yenye volti ndogo ndiyo inayoharibu mchezo. Nunua pacha.

ULIZA, USIONE SOO

Najua wapo watakaosema, "sasa haya yote si kazi ya fundi?" Ni kazi yake, na mafundi wazuri wapo, tena wengi. Fundi mzuri utamjua kwa jambo moja: kabla hajashika waya wako atauliza boksi lako linapokea volti ngapi, kisha atageuza paneli asome mgongo. Asiyeuliza hivyo, hata awe na koleo kumi kiunoni, mwambie asubiri. Siyo dharau. Boksi likifa, yeye atakwenda kwa mteja mwingine, wewe utabaki na marejesho.

Dukani vile vile. Kabla pesa haijatoka mfukoni, uliza kikomo cha volti, uliza garantii inalipa nini na hailipi nini, na waandike kwenye risiti. Muuzaji akikwambia "hii inaingia kwenye boksi lolote", jibu kwa upole kwamba kuingia umekuona, unachotaka ni namba.

Tukutane wiki ijayo. Kile kitabu kilichokuja na boksi, kitoe kwenye nailoni leo leo. Kila la kheri.